E621 na E635 kwenye viungo vya kupaki: uhalali wake unathibitishwaje?

VIUNGO_DOM (Nkuhungu, Dodoma)

Assalaam aleikum, na habari za leo wanajukwaa wote.

Naandaa viungo vya unga vya supu na chipsi, pakiti za gramu 50 na gramu 100, kwa soko la Dodoma mjini, Kondoa na Singida. Ndani yake kuna chumvi, kitunguu saumu cha unga, tangawizi, pilipili manga, binzari nyembamba na kiongeza ladha. Msambazaji ana mifuko ya aina mbili, yote ya kilo 25. Wa kwanza ni E621 (glutamati ya sodiamu, MSG) peke yake, una jina la kiwanda na alama ya halali iliyochapwa kwenye mfuko. Wa pili ni E621 asilimia 97 na E635, kiongeza ladha kingine, asilimia 3. Huu hauna alama yoyote, ila msambazaji ana picha ya cheti kwenye simu yake. Nauelekea wa pili kwa sababu ladha yake inakolea kwa kiasi kidogo.

Wenye maduka wawili Kondoa wamesema hawapokei kitu chenye E631 wala E635, kwa kuwa kuna orodha inazunguka WhatsApp inayosema namba hizo ni nguruwe. Naomba wanaojua waniambie: orodha hiyo ni ya kweli? Nikague nini hasa kabla ya kununua? Na nikiiacha E635, ladha nitaitoa wapi bila kumwaga E621 nyingi?

---

Mkemia_wa_Chakula

Waaleikum salaam, ndugu. Namba ya E inakuambia kilichomo ni kitu gani. Haikuambii kimetoka wapi. Inosinati, kitu cha kuongeza ladha, iliyotolewa kwenye samaki na inosinati iliyotengenezwa kwa wanga wa muhogo zote huandikwa E631. Anayesema "E631 ni nguruwe" na anayesema "E631 ni halali" wote wawili wanaidai namba jibu ambalo haina.

Nianze na E621, maana ndiyo itakayojaza pakiti zako. Ladha yake ilitambuliwa na mkemia Kikunae Ikeda huko Japani mwaka 1908, katika mchuzi wa mwani. Mwanzoni viwanda viliitoa kwenye protini ya ngano kwa kutumia asidi. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na bakteria anayeitwa Corynebacterium glutamicum, aliyepatikana hukohuko Japani mwaka 1956. Analishwa molasi ya miwa, au sukari iliyotokana na wanga wa muhogo au mahindi, huku amonia ikiingizwa kidogokidogo kwenye tangi. Anatoa asidi ya glutamiki, inagandishwa kwa kuongeza asidi, inatulizwa kwa magadi makali ya kiwandani, inachujwa rangi kwa mkaa maalumu, kisha inakaushwa kuwa zile chembe ndefu zinazong'aa kama sindano fupi. Malighafi kuu ni mimea. Kwa hapo hakuna ugomvi.

Ugomvi uko kwenye vitu vidogo ambavyo havionekani kwenye lebo. Mbegu ya bakteria hutunzwa na kuoteshwa kwenye chakula chenye peptoni, yaani protini iliyokatwakatwa vipande vidogo. Peptoni hiyo inaweza kuwa ya soya lakini ikawa imekatwa kwa kimeng'enya (protini inayovunja chakula) cha kongosho la nguruwe. Tangi likichemka povu, humwagiwa kizuia povu, ambacho mara nyingi ni mafuta au kitu kilichotokana na mafuta: ya mawese au ya mnyama? Molasi ina biotini, aina ya vitamini, nyingi, na biotini ikizidi bakteria huifungia glutamati ndani ya mwili wake. Kiwanda humlazimisha aiachie kwa penisilini au kwa esta za asidi za mafuta, na hapo swali la mafuta linarudi. Mkaa wa kuchujia rangi nao huwa wa vifuu vya nazi, wa mbao, wa makaa ya mawe au wa mifupa.

Hili si la kinadharia. Mwishoni mwa mwaka 2000 Baraza la Maulamaa la Indonesia lilitangaza kuwa E621 ya kiwanda cha Ajinomoto cha nchini humo ni haramu, na Januari 2001 bidhaa zikaondolewa sokoni. Kilichokamatwa hakikuwa nyama wala mafuta. Ilikuwa peptoni ya soya iitwayo bactosoytone, iliyotumika kutunza mbegu ya bakteria, na ambayo kuitengeneza kwake kulihitaji kimeng'enya cha nguruwe. Kwenye chembe zilizokuwa dukani hakukuwa na nguruwe wa kupimika. Kiwanda kilibadilisha peptoni hiyo na kikapewa tena idhini mwaka huohuo wa 2001.

Sasa E635. Hii ni mchanganyiko wa E627 (guanilati) na E631 (inosinati), mara nyingi nusu kwa nusu. Inosinati ilitambuliwa na Shintaro Kodama mwaka 1913 kwenye samaki mkavu wa Kijapani, na mwaka 1957 Akira Kuninaka akaitambua guanilati kwenye uyoga. Ni Kuninaka pia aliyeonyesha kwamba vitu hivi vikikutana na glutamati ladha haijumlishwi, inazidishwa. Ndiyo maana asilimia 3 tu inabadilisha mfuko mzima.

Njia za kuipata ni tatu. Ya kwanza ni kuitoa kwenye nyama au samaki, na hiyo ndiyo iliyozaa orodha ya WhatsApp. Ya pili ni kuchukua hamira, kutoa asidi yake ya kiini, kuikata kwa kimeng'enya cha ukungu wa Penicillium citrinum, kisha kimeng'enya kingine kugeuza kipande kimoja kuwa inosinati. Ya tatu ni bakteria wanaolishwa sukari, kama ilivyo kwa E621. Sehemu kubwa ya iliyoko sokoni leo inapita njia ya pili na ya tatu. Lakini "sehemu kubwa" si mfuko wako, na mfuko wako unataka uthibitisho wake wenyewe.

Usipoteze fedha kupeleka sampuli maabara ukitumaini kipimo cha vinasaba kitakujibu. Chembe zilizosafishwa hazina vinasaba vya kupima. Kipimo kikirudi safi, hakijakuambia lolote kuhusu tangi.

---

Abu_Nasra_Kondoa

Mwenyezi Mungu akulipe kheri, ndugu mkemia. Hapo kwenye tangi ndipo fiqhi inapoanzia, niongeze.

Asili ya vyakula ni uhalali mpaka ipatikane dalili ya kuharamisha, na yakini haiondolewi na shaka. Mtu aliyekuta supu imepikwa na kuwekwa kiungo chenye E621 mezani kwa Mwislamu mwenzake, hana wajibu wa kuchimbua kongosho lililotumika Asia. Iko Hadithi ya Bibi Aisha katika Bukhari: watu waliuliza kuhusu nyama wanayoletewa na kaumu ambayo hawajui kama imelitaja jina la Allah, Mtume (S.A.W.) akawaambia walitaje wao jina la Allah na wale.

Hukumu hiyo ni ya mlaji. Mtengenezaji yuko kwenye nafasi nyingine kabisa. Wewe, ndugu wa Nkuhungu, ukichapa neno "halali" kwenye pakiti unatoa ushahidi, na maelfu watakula kwa kuutegemea ushahidi wako bila kuuliza tena. Shahidi hatoi ushahidi kwa dhana. Kwako wewe, Hadithi ya kuliacha linalokutia shaka na kushika lisilokutia shaka ina uzito kuliko kwa mteja wa chipsi pale Majengo.

Wenye maduka wetu hapa Kondoa nawaelewa, ila wamekosea sababu. Kukataa bidhaa yenye mashaka kwa ajili ya wateja wako ni uangalifu mzuri. Kusema kwa kukata "hii ni nguruwe" bila elimu ni kuharamisha kitu kwa uvumi, na hilo nalo ni zito mbele ya Mungu.

---

Msomaji_Area_C

Mbona mnajibana hivyo wakuu? Kuna istihala. Kitu kikishabadilika kuwa kitu kingine, hukumu ya zamani imeondoka. Divai ikiwa siki ni halali. Rais wa Indonesia mwenyewe wakati ule, Abdurrahman Wahid, ambaye ni mwanachuoni, alisema bidhaa ile ni halali.

---

Abu_Nasra_Kondoa

Ndugu yangu wa Area C, umesema kweli kwamba alisema hivyo, na hoja yake ilikuwa kwamba nguruwe hayumo kwenye bidhaa ya mwisho. Baraza la Maulamaa lilibaki na msimamo wake. Tofauti hiyo ina mizizi ya madhehebu.

Wahanafi na Wamaliki wanaupanua mlango wa istihala: najisi ikigeuka dhati yake, ikawa kitu kingine kwa jina na sifa, imetoharika. Shafii, ambayo ndiyo madhehebu ya walio wengi kwetu, wanaubana mlango huo. Wanakubali pombe iliyogeuka siki yenyewe bila kutiwa kitu, na ngozi ya mfu kwa kudabighiwa, yaani kutengenezwa kwa dawa za ngozi, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Nguruwe kwao ni najisi nzito, ambayo hata chombo kilichoguswa nayo huoshwa mara saba, moja kwa udongo.

Tena tazama mas'ala yenyewe yalivyo. Kimeng'enya cha nguruwe hakikugeuka kuwa glutamati. Kilikata soya, soya ikamlisha bakteria, bakteria akatoa glutamati. Kwa hiyo suala la istihala linakaa pembeni kidogo. Linaloulizwa ni kutumia nguruwe katika utengenezaji, na kugusana kwa najisi na kilichofuata. Mwaka 2010 Waindonesia waliliandikia fatwa mahsusi ya bidhaa za vijidudu: chakula cha kuoteshea kikiwa na najisi isiyo ya nguruwe, na bidhaa ikatengwa na kutoharishwa, inaruhusiwa, kikiwa na kitu cha nguruwe, hairuhusiwi.

Anayefuata rai ya Hanafi kwa elimu hatumkemei. Lakini pakiti inayouzwa Kondoa, Dodoma na Singida italiwa na Mashafii, na mtengenezaji mwenye insafu hawapangii wateja wake madhehebu. Achukue kiwango ambacho wote wanaweza kukikubali.

Kuhusu samaki: inosinati ya samaki haina tatizo, samaki hahitaji kuchinjwa. Ya ng'ombe au kuku inahitaji mnyama aliyechinjwa kisheria. Kwa hiyo hata neno "imetoka kwa mnyama" peke yake halitoshi kuharamisha.

---

MKAGUZI_VYETI

Nimesoma yote. Ndugu VIUNGO_DOM, ile picha ya cheti kwenye simu ya msambazaji inasemaje? Tuandikie jina la aliyepewa cheti, jina la bidhaa, kiwanda, aliyekitoa na tarehe ya mwisho.

---

VIUNGO_DOM

Nimeiomba, amenitumia. Aliyepewa ni kampuni ya biashara, si kiwanda. Bidhaa imeandikwa kwa jumla tu, "viungo na viongeza ladha". Kiwanda hakijatajwa. Muda wake uliisha miezi minne iliyopita, yeye anasema kipya kinakuja.

---

MKAGUZI_VYETI

Usinunue kwa cheti hicho. Nakuambia kwa nini, ili ukikutana na kingine ukijue.

Cheti cha halali cha kiongeza ladha hukaguliwa kiwandani, kwenye tangi na stoo ya malighafi. Kampuni ya biashara haina tangi. Inaweza kununua E635 kutoka kiwanda kimoja mwezi huu na kingine mwezi ujao, na cheti kikabaki kilekile ukutani. Kwa hiyo tafuta jina la kiwanda na mahali kilipo, kisha jina la bidhaa kama lilivyochapwa kwenye mfuko, neno kwa neno pamoja na alama ya daraja kama ipo. Kiwanda kimoja huweza kuwa na E621 yenye cheti na mchanganyiko wa E635 usio na cheti, vyote kwenye mifuko inayofanana. "Kampuni yetu ni ya halali" si jibu.

Aliyetoa cheti ni nani? Kwa bidhaa za Malaysia utaona JAKIM, idara ya serikali yao ya mambo ya Kiislamu. Kwa Indonesia zamani ilikuwa alama ya kijani ya MUI, lile Baraza la Maulamaa. Tangu mwaka 2022 kuna alama mpya ya zambarau ya BPJPH, shirika la serikali la halali, kwa hiyo usiishangae ukiiona. Bidhaa za China, Vietnam au Thailand huwa na vyeti vya mashirika mengi tofauti, na hapo njia ya haraka ni kutazama kama shirika hilo limo kwenye orodha ya mashirika ya nje yanayotambuliwa na JAKIM. Orodha iko wazi kwenye intaneti. Ukimaliza, ingia tovuti ya mtoa cheti utafute namba ya cheti. Picha ya simu inaweza kubadilishwa tarehe na mtoto wa sekondari.

Baada ya hapo linganisha cheti na mfuko ulio mbele yako. Namba ya toleo na tarehe ya kutengenezwa hupigwa kwa wino mwepesi karibu na mshono wa juu, na ukikata mshono vibaya unaichana au inafutika kwa vidole vyenye chumvi. Ipige picha kabla ya kufungua. Kisha kata kipande hicho cha mfuko ukidumbukize kwenye ndoo ileile unayohamishia. Viongeza ladha vikishamwagwa kwenye ndoo nyeupe isiyo na lebo, hakuna jicho litakaloweza kuvitofautisha.

Kwa sababu hiyohiyo usinunue ya kupima sokoni. Vile vifuko vya nailoni vinavyofungwa kwa moto wa mshumaa havina kiwanda, havina toleo, havina mtu wa kuulizwa.

Kama msambazaji bado anataka wateja wa mfuko wa pili, mwandikie barua aifikishe kiwandani, ijibiwe kwa karatasi yenye nembo na sahihi. Muulize malighafi ya E627 na ya E631 kila moja peke yake, maana huweza kutoka njia tofauti. Kama ni hamira, ni ya kuotesha kwa molasi au ni masalia ya kiwanda cha bia? Masalia ya bia yanahitaji kuoshwa mpaka harufu, ladha na rangi ya bia vitoke, na mtoa cheti ndiye anayethibitisha hilo. Muulize chakula cha bakteria kuanzia mbegu ya kwanza hadi tangi kubwa, vimeng'enya vyote na chanzo chake, kizuia povu, mkaa wa kuchujia, na kama spiriti hutumika kugandisha chembe. Mwisho uliza kama mitambo hiyo hutengeneza pia kitu chenye mnyama. Kiwanda kilichokwisha kukaguliwa kina majibu haya kwenye faili na huyatuma haraka. Kinachojibu mstari mmoja, "bidhaa yetu haina nguruwe", hakijajibu.

Alama za wengine zina msaada wenye mipaka. Duara la kijani ndani ya mraba kwenye bidhaa za India linaonyesha hakuna nyama wala samaki ndani, basi njia ya kwanza ya mkemia imefungwa. Lakini halisemi lolote juu ya vimeng'enya vya kuoteshea bakteria, wala pombe. Kosha, alama ya chakula cha Kiyahudi, vilevile: inafunga mlango wa nguruwe kwa kiasi kikubwa, ila pombe hawaikatazi.

Na kwako wewe mwenyewe: usichape neno "halali" wala kuchora alama kabla hujapata cheti chako. BAKWATA hutoa vyeti vya halali, anza na ofisi yao ya mkoa hapo Dodoma. TBS, Shirika la Viwango, ndio wanaosimamia usalama wa chakula tangu 2019, baada ya kazi hiyo kutoka TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, na lebo yako itapita kwao. Kwenye orodha ya viambato andika "kiongeza ladha (E621)" waziwazi. Wapo wanaoficha namba wakidhani wanauza zaidi, kumbe mnunuzi wa Kondoa anayesoma lebo ndiye huyohuyo atakayeigundua na kuwaambia wengine.

---

Mkemia_wa_Chakula

Mkaguzi amemaliza. Niongeze jambo moja linalonisumbua sana kwenye mijadala hii. Watu wanapigana na E621 huku macho yakiruka mistari isiyo na namba. "Ladha ya kuku", "ladha ya nyama", "unga wa kuku", "mafuta ya nyama": hapo ndipo mnyama halisi anapoingia kwenye vipande vya mchuzi na pakiti za tambi. Unga wa kuku asilimia 1 ni kuku, na kuku huyo amechinjwa au hakuchinjwa. Ladha ya nyama ya kutengenezwa hupikwa kwa sukari na asidi amino, na moja ya hizo, sisteini (E920), hutolewa kwenye manyoya ya bata, nywele za binadamu au singa za nguruwe, ingawa ipo pia ya bakteria. Ukishawishiwa kununua "ladha ya kuku" ya unga ili kunogesha mchanganyiko wako, maswali ya mkaguzi yaanze upya kutoka mwanzo.

Vivyo hivyo kizuia mgando. Masika ya Dodoma, Desemba mpaka Aprili, kitunguu saumu cha unga kinavuta unyevu na pakiti inakuwa jiwe. Tumia E551, ambayo ni silika, madini tupu, au wanga wa mahindi uliokaushwa vizuri. Epuka E572, ni chumvi ya asidi ya mafuta, na utarudi kuuliza mafuta ya nani.

---

Mama_Shughuli_Makole

Mwanangu wa viungo, ladha bila E635 ipo, tena sokoni hapohapo. Aliyoyasema mkemia kuhusu uyoga na samaki mkavu ndiyo mapishi yetu ya siku zote. Nyanya iliyokauka ina glutamati yake, dagaa wana inosinati yao. Ukiwakutanisha, kuzidishana kunatokea bila namba yoyote.

Nyanya zikate nusu, toa mbegu, zinyunyizie chumvi kidogo, zianike kwenye chekeche chini ya wavu. Jua la Dodoma la Julai hadi Septemba linazikausha ndani ya siku nne au tano. Kilo moja mbichi inakupa gramu 50 hadi 70. Zikivunjika kwa sauti zimekuwa tayari. Zikikunjika bado, na ukisaga hivyo zitaota ukungu ndani ya pakiti.

Dagaa wanunue walioanikwa kwenye wavu au turubai, si wa mchangani, maana mchanga hautoki kwa kuchekecha. Toa vichwa na utumbo, ndiko uchungu uliko. Wakaange bila mafuta moto mdogo mpaka wavunjike kwa vidole, waache wapoe kabisa, ndipo usage. Ukisaga wa moto, mvuke unabaki ndani ya unga.

Kwa kilo moja ya viungo vya supu anza na nyanya gramu 100 na dagaa gramu 50. Kwa chipsi punguza dagaa hadi 20, harufu isitangulie. Mafuta ya dagaa huchacha, kwa hiyo usiandike muda wa mwaka mzima kwenye pakiti. Miezi mitatu, kwenye pakiti isiyopitisha mwanga. Na andika "samaki" kwenye viambato, wapo wanaodhurika naye.

---

VIUNGO_DOM

Mungu awalipe. Nimeamua kuchukua mfuko wa kwanza, wa E621 wenye kiwanda na alama. Namba ya cheti nimeitafuta kwenye tovuti ya mtoaji, imeonekana, na jina la bidhaa linalingana. Bado mambo mawili: niweke E621 kiasi gani kwa kilo? Na kama baadaye nikipata E635 yenye cheti kamili, inachanganywaje iwe sawa kila pakiti?

---

Mkemia_wa_Chakula

Anza na gramu 120 za E621 kwa kilo ya mchanganyiko. Pakiti ya gramu 100 kwenye supu ya lita 10 itakuwa imepeleka gramu 12, kama asilimia 0.12 ya supu, na nyanya na dagaa wa Mama Shughuli watabeba kilichobaki. Ladha ya E621 hukaa vizuri kati ya asilimia 0.1 na 0.8 ya chakula. Ukizidisha, mdomo unabaki na utamu mzito usiopendeza. Sodiamu yake ni kama asilimia 12, ya chumvi ya mezani ni 39, kwa hiyo punguza chumvi unapoiongeza ili jumla ishuke badala ya kupanda.

E635 ikipatikana, weka asilimia 2 hadi 5 ya uzito wa E621. Kwa gramu 120 hiyo ni gramu 2.4 hadi 6, na hapo mizani ya jikoni ya kuruka gramu tano tano haifai. Tafuta ya kupima sehemu ya kumi ya gramu. Usiimwage yote kwenye beseni la kilo kumi ukategemea mwiko. Changanya na chumvi ya uzito sawa nayo, kisha ongeza chumvi nyingine sawa na ulichonacho, uendelee kuongeza maradufu hivyo mpaka ufikie kilo moja, ndipo uingize kwenye beseni. Chembe za E621 ni ndefu na nzito, E635 ni unga laini, na mtikisiko wa gari mpaka Singida unazitenganisha. Saga E621 kidogo kwanza.

Usiitarajie E635 ifanye kazi kwa mteja anayelowesha mishkaki usiku kucha. Nyama mbichi ina kimeng'enya kinachoivunja, asubuhi ladha hiyo haipo. Kwenye pakiti andika inyunyiziwe kwenye supu iliyokwisha kuchemka, au kwenye chipsi zikitoka tu kwenye mafuta. Na mwenye jongo akikuuliza, mwambie E627, E631 na E635 zina purini, kitu kinachochochea jongo, na dagaa wana purini pia. E621 peke yake haina.